Baiskeli ya Elkana Isiyokuwa na Frii

Kabla hujapanda baiskeli usiyoijua, inua gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili zungusha pedali kinyume. Ikiwa pedali inarudi nyuma na gurudumu limetulia, hiyo ina frii. Panda uende zako. Ikiwa gurudumu linarudi pamoja na pedali, ngoja kwanza, fikiri. Hiyo haina frii. Pedali zake zitazunguka kila wakati gurudumu linapozunguka, mlimani na mteremkoni, upende usipende, na miguu yako haitapumzika mpaka ufike.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaotengeneza baiskeli pale Huruma, mnaopita kwangu jioni na kuniuliza, "Mzee, wakati wa vita mlifanyaje kazi bila speya?" Huwa nawajibu neno moja au mawili, kisha nanyamaza, nanyi mnadhani nimechoka. Sijachoka. Kusema ndiko kulikonishinda tangu nikiwa mdogo. Kuandika naweza, ijapokuwa shule niliiacha darasa la nne na ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Kwa hiyo nanyi msisome kwa haraka.

Nilifika Eldoret vita ya Hitla ikiwa imepamba moto. Wakati huo hakuna aliyesema Eldoret. Sote tulisema Sikstifoo. Nilitoka kwetu magharibi na blanketi moja na barua ya mwalimu, na barua hiyo sikuitoa mfukoni kwa siku tatu kwa sababu sikujua nimpe nani. Siku ya nne, Kalasinga mmoja mzee aliyekuwa na karakana ya baiskeli alinikuta nimesimama karibu na mlango wake. Nilikuwa nimesimama pale asubuhi, na mchana alinikuta bado nimesimama. Akanipa debe la mafuta ya taa na cheni kumi chafu. Hakuniuliza jina mpaka wiki ya pili. Ilinifaa.

Makosa yangu ya kwanza yalikuwa ya bidii. Karani mmoja wa shamba la Kaburu alileta baiskeli yake isafishwe kwa ajili ya Jumapili. Nikasugua rimu mpaka nikaona pua yangu ndani yake, halafu, ili zing'ae zaidi, nikazipaka mafuta. Karani akapanda akiwa na tai shingoni. Alipofika chini pale kwenye birika la kunyweshea farasi akashika breki, na breki ikateleza kama mtu aliyekanyaga kamasi. Aliingia kwenye birika mzima mzima, tai na yote. Bwana Fundi, ndivyo tulivyomwita yule Kalasinga, alinitazama kwa muda mrefu akikuna ndevu zake.

"Wewe nasafisha breki," akasema, "mpaka breki iko kwisha."

Alinifundisha mengi yule mzee, na karibu yote kwa mkono wala si kwa mdomo. Kama nati haikubali, usiilazimishe. Igonge kidogo pembeni kisha ijaribu tena. Tyubu ukitafuta tundu lake na huna maji, ipitishe karibu na mdomo wako wa chini, maana hapo ngozi inasikia hata pumzi ndogo. Spoku usikaze moja mpaka mwisho; kaza hii robo, ile robo, zunguka. Lakini kulikuwa na sheria yake moja iliyonilemaza. Hakuruhusu fundi apande baiskeli ya mteja nje ya ua. Tulizijaribu kwa mikono, au tukazunguka mara mbili kwenye ua, basi. Ndivyo nilivyokuwa fundi wa baiskeli kwa miaka bila kuwahi kuendesha hata maili tano. Nilijua kila skrubu, na sikujua barabara.

Sasa hiyo habari ya speya. Vita vilipokolea, meli hazikuleta kitu. Tairi tulizishona kwa waya mwembamba. Tyubu iliyochakaa kabisa tuliitupa, tukajaza majani makavu ndani ya tairi, na mteja akaenda akiruka kama sungura. Raba za breki tulizikata kutoka tairi kuukuu la lori. Yote hayo yaliwezekana. Frii ndiyo haikuwezekana. Ndani ya frii kuna vijipande viwili vya chuma vinavyouma meno unapokanyaga na kuyaachia unapopumzika. Vikilika, unakanyaga pedali na baiskeli haiendi, umekaa juu yake kama mtu anayesaga mahindi hewani. Hakuna cha kunoa pale. Dawa ilikuwa moja tu: kuyeyusha shaba kwenye moto na kuijaza humo ndani mpaka vyote vishikane. Frii imekufa, baiskeli inakwenda.

Bwana Fundi hakupenda kazi hiyo. "Wewe nafunga frii," alisema, "iko funga mguu ya mutu." Hata hivyo aliniacha nifanye, kwa kuwa watu walihitaji kufika kazini.

Mmoja wao alikuwa Elkana.

Elkana alifanya kazi ya kupakia magome ya miti ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, na mikono yake ilikuwa na rangi ya kahawia isiyotoka kwa sabuni. Kila Jumamosi mchana, akimaliza kazi, alikuja karakana, akageuza kreti na kuikalia, akaanza kusema. Alisema kwa ajili ya wawili. Aliniuliza swali, akangoja kidogo, akalijibu mwenyewe, na mara nyingi jibu lake lilikuwa lilelile ambalo ningelitoa mimi. Watu wengine wa kambini, pale tulipolala sisi vibarua, walinisalimia na kupita. Siwalaumu. Mtu asiyejibu huonekana ana maringo. Elkana peke yake ndiye aliyegundua kwamba sikuwa na maringo, nilikuwa na haya tu.

Kila mwisho wa mwezi alipanda baiskeli yake kwenda nyumbani kwa mkewe, mbele ya Turbo, upande wa Kabras, na Jumapili jioni alirudi. Frii yake ilipolika alikuja akiisukuma baiskeli.

"Ifunge," akasema.

"Mteremko?" nikamuuliza.

"Mteremko nitaonana nao huko huko. We funga tu. Sasa unataka mama ya watoto alale njaa ya kuniona?"

Nikaifunga. Wiki iliyofuata alirudi akicheka. "Bwana, hii ni kama ndoa ya kanisa. Ukishaingia, hakuna kupumzika." Baadaye frii zilianza kuonekana tena madukani, moja moja, nikamwambia nitamtafutia. Akakataa. Alisema miguu imezoea.

Mwezi wa saba mmoja, ule wa baridi kali, Elkana alishikwa na kifua. Alikohoa Jumatatu, Ijumaa akawa hayupo. Walimzika hapa hapa Sikstifoo, kwenye makaburi ya mji, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumfikisha kwao. Nilisimama nyuma ya watu. Jumamosi yake nilitoa kreti nje kama kawaida, nikaiona iko tupu, nikairudisha ndani.

Hapa niwaeleze desturi yetu pale kambini, sisi watu wa magharibi. Mtu akifa huku na akazikwa huku, nguo na blanketi lake vilipelekwa kwao na yeyote anayekwenda, hata kwa lori. Lakini baiskeli haikupakiwa kwenye lori, na haikusukumwa. Iliendeshwa. Mtu alitoka kwao akiwa juu yake. Irudi na mtu juu yake, mpaka mlangoni, na wenzake wakiisindikiza kwa baiskeli zao. Ikiwa nzima. Baiskeli ikifika mbovu, ilionekana kama tumesema mbele ya mkewe kwamba huku mjini mumewe hakuwa na watu. Na aliyekabidhiwa kuiendesha ndiye aliyebeba jambo hilo lote.

Tulikutana nje ya chumba cha Jairo. Jairo alikuwa nyapara wa ghala, mtu mrefu, mwenye filimbi aliyoivaa shingoni hata siku asiyokuwa kazini. Wenye baiskeli walikuwa sita.

"Kila mtu ana yake," Jairo akasema. "Hii ya Elkana ataiendesha nani?"

Petro akaninyooshea kidevu. Petro alikuwa mpishi kwenye nyumba ya mzungu, mnene, hana siku ya kunyamaza. "Si huyu fundi? Hana baiskeli, na alikuwa rafiki yake. Au fundi, wewe ni wa kuzilaza chali tu?"

Wakacheka. Jairo akaniuliza, "Utaweza?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo nilipopaswa kusema: hiyo baiskeli haina frii, mimi ndiye niliyeifunga, na mimi sijawahi kushuka mlima kwa baiskeli ya aina yoyote. Maneno hayo nilikuwa nayo. Yalikuwa machache, hata ningeweza kuyahesabu. Lakini walikuwa sita, wote wananitazama mara moja.

Tukaomba ruhusa ya siku moja, tukaondoka Jumamosi, jua likianza kutoka, ukungu bado umelala kwenye mashamba ya ngano. Jairo mbele na filimbi yake, mimi wa pili kwa sababu ya heshima ya marehemu, wengine nyuma. Alitueleza ishara. Filimbi moja, simama. Filimbi mbili, mteremko, inua miguu upumzike. Kwenye tambarare mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilianza kuwaza kwamba labda mimi ni mtu wa kuendesha baiskeli. Petro alikuwa nyuma yangu akimsimulia mwenzake jinsi memsahibu wake alivyokula ugali kwa kisu na uma, na nikajikuta nacheka peke yangu huku mbele. Sikuwa nimewahi kuwa katikati ya safu ya watu namna hiyo, mbele yangu mtu, nyuma yangu watu, wote tunakwenda mahali pamoja.

Kisha ukaja ule mteremko mrefu kabla ya Turbo. Barabara ilikuwa ya changarawe nyekundu, imekunjamana kama ubao wa kufulia nguo. Jairo akapuliza mara mbili.

Wote wakainua miguu. Wengine waliiweka juu ya fremu, wengine waliitandaza hewani, makoti yakajaa upepo. Mimi miguu yangu ilikuwa inazungushwa. Sikuwa nakanyaga tena, nilikuwa nakanyagishwa.

"Fundi!" Petro akapaza sauti. "Mteremkoni pia unapiga pedali? Kwani unakimbizwa?"

"Wacha yeye," mwingine akasema, "anataka kufika kwanza akaribishwe chai."

"Inua miguu, bwana! Pumzika!"

Kicheko kilinishika masikio. Pedali zilikuwa zimeshika kasi ambayo magoti yangu hayakuwahi kuijua. Ningeweza kusema wakati huo, hata kwa kelele, "Haina frii!" Badala yake nilifanya kama wao. Niliinua miguu.

Vijana, hilo ndilo kosa. Baiskeli isiyo na frii ukiondoa miguu mteremkoni, umejinyang'anya breki. Pedali zinapigapiga chini yako kama mapanga, na huwezi kuzirudia. Nilishika breki ya mbele. Ile raba ya tairi la lori, ambayo niliikata mimi mwenyewe, ikatoa moshi na harufu, na mwendo haukupungua.

Ndipo Jairo akapuliza mara moja. Kondoo wa mzungu walikuwa wanavuka barabara, kundi zima, na mchungaji wao nyuma. Jairo akasimama. Niliona mgongo wake unakuja. Nikatafuta pedali kwa mguu wa kulia, pedali ikanipiga kwenye kisigino, ikarudi ikanipasua ugoko. Nikakata usukani kwenda kushoto. Baiskeli ikaingia mtaroni na kugonga nguzo ya seng'enge, nami nikapita juu yake nikaangukia majani ya ng'ambo.

Walikuja mbio. Waliangalia baiskeli kwanza. Siwalaumu, hata mimi niliangalia baiskeli kwanza. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda mfano wa namba nane. Foku ilikuwa imerudi nyuma kama mtu aliyekunja magoti. Kava ya cheni ilikuwa imekunjika kama karatasi.

Jairo akainua gurudumu la nyuma. Akazungusha pedali kinyume, gurudumu likarudi nayo. Akairudia tena, polepole.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi," nikasema.

"Na leo ulikuwa unajua iko hivi?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu kambini?"

"Tangu kambini."

Hakupiga kelele. Heri angepiga kelele. Aliitazama baiskeli, akatazama jua. Watu wa nyumbani kwa Elkana walikuwa wanangoja siku hiyo, walikuwa wameambiwa. Na Jumatatu kila mtu alikuwa na kazi yake, mwenye kuchelewa alijua kinachomngoja. Hatukuweza kukaa sote pale.

"Sisi tutakwenda tuwaambie," akasema. "Wewe ni fundi. Inyooshe. Na isifike kwa lori. Umesikia?"

"Nimesikia."

Wakapanda. Petro alibaki nyuma kidogo, akatoa nusu ya mkate kwenye mfuko wake na kuuweka juu ya koti langu. "Lakini wewe nawe," akasema, na safari hii hakuwa anacheka. "Neno moja tu, bwana. Lingekupunguzia nini?"

Halafu akawafuata. Niliwaona wakishuka mpaka wakawa wadogo, wakapanda upande wa pili, wakaisha.

Nilikuwa na spana moja, kisu na waya. Nitawaambia nilivyofanya, kwa sababu siku moja mtapata shida kama hiyo na duka liko mbali. Gurudumu usilianze kwa spoku. Litoe, lilaze juu ya mawe mawili pale lilipoinuka, ulikandamize kwa goti pole pole, uligeuze, ukandamize tena. Likishakaribia duara, lirudishe kwenye foku, weka kidole gumba kwenye foku kiguse rimu kidogo, ulizungushe. Linapokisukuma kidole, hapo legeza spoku za upande huo na kaza za upande wa pili. Robo, robo. Foku niliinyoosha kwa mti kabla ya kulirudisha gurudumu. Mchungaji wa kondoo, Mnandi wa umri wangu, alinikatia mwati mnene kama mkono. Nikaupenyeza kati ya miguu ya foku, yeye akashika fremu, mimi nikavuta. Hakujua Kiswahili zaidi ya maneno kumi, nami Kinandi sikukijua hata salamu. Tulielewana sana. Kila kitu kilichonyooka alikigusa na kusema, "Napona." Nikamgawia mkate.

Kava ya cheni niliifungua, nikailaza juu ya jiwe bapa, nikaifunika kwa kipande cha koti ili isipate makovu, nikaigonga kwa jiwe dogo kuanzia katikati kwenda pembeni. Nilichukua muda mrefu zaidi kwenye kava kuliko kwenye gurudumu. Haikuwa lazima; baiskeli huenda bila kava. Lakini nilitaka mkewe asione hata alama moja. Nilipoifunga tena ilikaa sawasawa na cheni, imeachana nayo upana wa kucha pande zote. Ilikuwa imenyooka kuliko nilivyowahi kuiona. Nasema bila maringo, hiyo ndiyo kazi bora niliyokuwa nimeifanya mpaka siku ile, na aliyeiona ni mchungaji wa kondoo.

Usiku nililala kwenye kibanda chake. Asubuhi nikapanda.

Sasa hapakuwa na wa kunicheka, nikajifunza. Baiskeli isiyo na frii huiendeshi kwa kukanyaga tu, unaizuia pia kwa miguu. Mteremkoni, pedali inapopanda upande wa nyuma, unailemea kidogo, kama unavyomshika mtu begani akitaka kukimbia. Mwendo unatulia. Nilishuka mteremko wa Turbo bila breki. Raba ya pedali ya kushoto ilikuwa imelika upande wa ndani, na mguu wangu uliteleza humo kila mara, mpaka nikagundua kwamba nikiupinda kidogo, kisigino nje, unakaa. Hivyo ndivyo Elkana alivyoweka mguu wake. Nikaendelea kuuweka vile. Ilikuwa Jumapili, barabara haina mtu, na kwa mara ya kwanza nilitamani kusema maneno mengi kwa sauti, na hapakuwa na wa kuambiwa.

Mbele ya Turbo nilikutana na wenzangu wakirudi. Jairo akapuliza filimbi moja, wote wakasimama. Akashuka, akainama, akazungusha gurudumu la mbele, akaweka kidole chake pale pale ningeweka changu.

"Imenyooka," akasema.

"Imenyooka."

"Jana walikaa nje mpaka jioni. Yule mama hakuingia ndani hata tulipomwambia hutafika leo." Akapanda tena. "Nenda."

Petro akagonga kengele aliponipita. Ikawa basi.

Boma la Elkana lilikuwa juu ya kilima, baada ya mto mdogo wenye daraja la magogo. Nilivuka, nikaikanyaga ile njia ya udongo mpaka uani, mpaka mlangoni, nikasimama huku bado nimekaa kwenye kiti, kama inavyotakiwa. Uani hapakuwa na mtu. Kuku walinitazama. Nikangoja. Nikajua lazima niseme, nikasema, "Hodi."

Rasoa, mkewe Elkana, akatokea nyuma ya nyumba, mikono imejaa punje za mahindi aliyokuwa akipukuchua. Aliponiona alishtuka, akaziacha punje zianguke.

"Umekuja saa ngapi?"

"Sasa hivi. Mimi ni fundi. Nimeleta..."

"Najua wewe ni nani, mulamwa. Alikuwa akikutaja." Aliniita hivyo, mulamwa, jinsi mwanamke wa kwetu anavyomwita shemeji yake, na hakuna aliyekuwa ameniita neno la nyumbani tangu nifike Sikstifoo. Akaisogelea baiskeli. Akaizunguka. Akagusa kiti, akagusa karia, akagusa usukani.

"Ni yake hii?"

"Ni yake."

"Ile ile?"

"Ile ile. Ilianguka njiani, mimi niliiangusha. Lakini nimeitengeneza yote, mulamwa. Haina ubaya wowote."

"Isukume kidogo."

Nikashuka, nikaisukuma mpaka kwenye ghala na kuirudisha. Gurudumu lilikwenda kama maji. Cheni ilipita ndani ya kava bila kugusa popote. Rasoa alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Ya kwake ilikuwa inakwaruza," akasema. "Hapa pa cheni. Kr, kr, kr. Akiwa kule darajani nilikuwa namsikia, naweka maji ya ugali motoni. Akifika mlangoni maji yanachemka." Akaipapasa kava. "Jana nilikaa nje nikisikiliza. Leo imeingia mpaka mlangoni, na mimi niko nyuma ya nyumba, sikujua."

Ndipo nikakumbuka kwamba mara mbili, pale karakana, nilitaka kuinyoosha ile kava, na mara zote mbili Elkana alinishika mkono. "Hiyo wacha," alisema. Sikumuuliza kwa nini. Mimi sikuwa mtu wa kuuliza.

Nikapiga goti. Nikaweka kidole gumba juu ya kava, pale katikati, nikaisukuma ndani mpaka bati likalia. Nikainua gurudumu, nikazungusha pedali. Ikakwaruza. Nikamtazama Rasoa. Alitikisa kichwa kukataa. Nikaisukuma zaidi chini, nikazungusha. Nikaivuta nje kidogo, nikazungusha. Niliijaribu namna zote nilizozijua. Jasho lilinitoka kuliko kwenye ile nguzo ya seng'enge.

"Hapana," akasema mwishowe, kwa upole. "Hiyo ni kelele tu. Wacha, mulamwa. Keti, nikuletee chakula."

Nilikula peke yangu kwenye kigoda, yeye amekaa ng'ambo ya ua kando ya baiskeli. Kabla ya kuondoka nilimweleza mambo ya frii, kwamba yeyote atakayeiendesha asiondoe miguu mteremkoni. Nilimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, na lilikuwa neno refu kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu. Alisikiliza. Alisema hakuna wa kuiendesha.

Siku hizi mteja akileta baiskeli namuuliza maswali mengi kabla sijaigusa. Namuuliza ni nini kinamsumbua, na pia ni nini nisiguse. Wengi hucheka. Nyinyi pia mmewahi kunicheka kwa hilo, nimewasikia. Ulizeni hivyo hivyo, hata mkichekwa. Speya mtapata, siku hizi zimejaa.

Siku ile nilishuka kilima kwa miguu, maana safari ya kurudi haikuwa na baiskeli. Nilipofika darajani nilisimama kwenye magogo, nikageuka. Nilitaka kujua kama kweli mtu anaweza kusikia baiskeli kati ya darajani na kule uani. Rasoa alikuwa ameinua gurudumu la nyuma, na niliuona mkono wake ukizungusha pedali, unazungusha, unasimama, unazungusha tena. Nikazuia pumzi nikasikiliza. Nilisikia maji chini ya daraja, basi.